Dar hadi Mwanza kwa gari na mama mwenye presha: tule nini, tusimame wapi?

Baba Nuru (Tabata)

Wadau habari za leo, wakubwa shikamoo.

Desemba hii tunapanda Mwanza kwa gari letu dogo. Tuko watano: mimi kwenye usukani, mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 5), na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67. Mama ana presha na sukari, anameza vidonge vya vyote viwili. Njia ni ile inayojulikana: Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Shinyanga, kisha Mwanza. Ni kama kilomita 1,150.

Kinachoninyima raha ni mama. Alipokuja Dar mwezi wa sita alikuja kwa basi, akashuka miguu imevimba mpaka viatu vikagoma kuingia, nikamtembeza stendi na kandambili. Nikimuuliza anasema "uzee huo mwanangu, usinisumbue". Halafu njiani hali kitu cha maana na maji hanywi, anashika tu chupa mkononi kama amepewa aitunze.

La pili ni mimi mwenyewe. Nimejiunga na jogging ya Jumamosi huku mtaani, tumbo limeanza kunisikiliza. Lakini naijua safari ya Mwanza: Chalinze mishikaki, Morogoro soda, Dodoma chipsi mayai, Singida kuku. Nikifika kwa wakwe nitakuwa nimerudi nilikotoka, na huko nako kuna sato anasubiri.

Naomba uzoefu: tule nini, tufanye mazoezi gani ya maana ndani ya siku mbili za kukaa, mama akae kiti gani, na tulale Dodoma au Singida? Mke wangu anasema nazidisha, nibebe hotipoti tuondoke.

Mzee wa Kagera

Kijana, panda ndege. Saa moja na nusu umefika, miguu haijapata hata nafasi ya kuvimba.

Baba Nuru

Marahaba ya nauli za Desemba kwa watu watano utanisaidia wewe mzee wangu?

Tela Mbili

Baba Nuru, salama. Mimi ni dereva wa semi, napeleka mzigo Kigali kupitia Rusumo. Hiyo njia yako naishi nayo mpaka Tinde, pale wewe unanyoosha kwenda Shinyanga na mimi nakata kwenda Kahama. Watu wakisikia dereva wa lori wanajua huyu ni chipsi na makopo ya kuongeza nguvu. Wapo. Wengine tumeshaona wenzetu wanashushwa kwenye kichwa cha lori wamebebwa, mtu wa miaka 45, presha haijawahi kupimwa. Kwa hiyo nisome vizuri.

Wewe umeanza na chakula. Mimi naanza na choo.

Usicheke. Mama yako hanywi maji kwa sababu anaogopa kubanwa njiani. Kwenye basi konda akisema "tunachimba dawa dakika tano", vijana wanaruka vichakani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Bibi wa miaka 67 mwenye magoti yake ataenda kuchuchumaa nyuma ya mbuyu, basi zima linapiga honi? Haendi. Sasa dawa yake ni nini? Anaacha kunywa tangu jioni ya kuamkia safari. Na mara nyingi anaacha na kidonge, maana vile vya presha vingine vinaleta mkojo. Hapo hata ukimnunulia katoni tatu za maji umebeba mzigo tu.

Na hilo hatakwambia wewe. Wewe ni mtoto wake wa kiume. Mwambie mkeo azungumze naye siku mbili kabla, amtajie vituo kwa majina: "Mama, tutashuka Chalinze, tutashuka Morogoro, Dumila, Gairo, kisha Dodoma." Akishajua choo kinachofuata kipo wapi, utaona maji yanapungua kwenye chupa bila kumlazimisha. Mkeo akae naye nyuma, mtoto mkubwa aje mbele kwako, afunge mkanda.

Choo chenyewe: ingia sheli kubwa, hizi mpya zenye duka. Usiingie mahali ambapo mabasi matatu yameshusha abiria muda huo huo, sakafu inakuwa ziwa na bibi anateleza. Kabla hajashuka, mkeo atangulie aulize kama kuna cha kukaa. Vingi ni vya kuchuchumaa, na mtu wa magoti akishachuchumaa kuinuka ni kazi, anahitaji mtu wa kumshika mkono. Bebeni sabuni ya kipande kwenye kopo, karatasi za chooni, chupa ya maji ya kunawia na kanga mbili za ziada. Sarafu za choo ziwe kwenye kikombe cha mlangoni, msianze kutafuta chenji mtu amebanwa.

Sasa kusimama. Kila baada ya saa mbili gari lizimwe, hata kama hakuna aliyeomba. Madereva wa magari madogo mna ugonjwa mmoja: mkishampita mtu hamtaki akupiteni tena, kwa hiyo hamsimami. Mwache apite, utamkuta Kibaigwa amesimamishwa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo.

Mkisimama wote mnashuka. Mama azunguke gari akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, mara kumi. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu, bibi hatakataa kwa mjukuu wake. Akichoka kuzunguka, ashike mlango, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka taratibu, mara ishirini. Ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Ukikaa saa sita imelala, maji yote yanateremka kwenye vifundo.

Mimi mwenyewe huwa nazunguka gari lote nikigonga matairi kwa nondo, tairi lililopungua upepo linajulikana kwa mlio. Hiyo ni kazi na ni mazoezi, semi na tela lake si mzunguko mdogo. Nikimaliza nachukua kamba ya turubai naruka. Tandiboi wangu, msaidizi wa kwenye lori, ndiye anayehesabu, nikifika tisini anarudi sabini, mshenzi yule. Foleni ikiwa ndefu mpakani wenzangu wanalala kwenye kichwa na injini inanguruma, mimi natembea mpaka gari la kwanza na kurudi, na habari zote za mbele nazipata. Mzani wa Vigwaza unapima ekseli, haupimi tumbo la dereva, hilo ulipime mwenyewe.

Wewe wa gari dogo huhitaji kamba. Shika mlango wazi, kaa kama unakalia stuli isiyokuwepo, inuka, mara kumi na tano. Weka mguu mmoja kwenye kizingiti cha mlango, sukuma kiuno mbele mpaka paja la mguu wa nyuma livute. Pushapu kwenye boneti usifanye, ni la moto. Halafu toa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kabla hujakaa. Ukiikalia saa nane kiuno kimepinda upande mmoja, kesho unasema una mgongo kumbe una pochi.

Kiti cha mama: nyuma yako, upande wa kulia. Mnaelekea magharibi na kaskazini, Desemba jua limeegemea kusini, muda mwingi wa mchana litakuwa linaunguza upande wa kushoto. Ila angalia, mlango wa kulia unafungukia barabarani. Kwa hiyo usimshushe pembeni ya lami hata iweje, ingia ndani ya kituo.

Chakula narudi jioni, nipo kwenye foleni ya kushusha.

Dada wa Zamu

Kaka Baba Nuru, mimi ni nesi, naongezea pale dereva alipoishia. Na dereva hongera, nimesoma ile ya choo nikasema huyu amewahi kukaa wodini kwetu.

Miguu yote miwili kuvimba kiasi baada ya safari ndefu, ikashuka usiku ukilala na miguu juu ya mto, hiyo huwa ni ya kukaa. Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukauma kwenye msuli, ukawa na joto ukiushika, usimkande na usimchue, nenda hospitali. Hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Akianza kukosa pumzi ghafla au kifua kumchoma, hapo ni dharura, mnageuza gari kwenda hospitali ya karibu, hata kama mmebakiza kilomita hamsini kufika. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi inaongeza hatari hiyo kama mara mbili, iwe ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mmoja mmoja bado ni hatari ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, usimtishe mama. Ila umri unaongeza, na kukaa bila kujinyoosha kunaongeza. Na kwa kuwa mama ana presha, uvimbe ule wa mwezi wa sita ulipaswa kuangaliwa na daktari hata kama ulishuka wenyewe. Moyo na figo navyo huvimbisha miguu. Mpeleke kliniki kabla ya safari, pima presha na sukari, na mwulize daktari kuhusu zile soksi za kubana. Usizinunue tu dukani ukamvisha, mwenye sukari mishipa ya miguuni inaweza kuwa na shida yake na kumbana ukamuumiza.

Dawa ya presha inayoleta mkojo asiiache. Akitaka kubadilisha saa ya kumeza, amuulize daktari wake, wanaweza kumpangia. Kuacha mwenyewe siku mbili halafu afike Mwanza kichwa kinamgonga ndiyo tunayoyaona kila mwisho wa mwaka.

Sasa sukari. Wengi mnaogopa ipande, mnasahau inaweza kushuka. Kuna vidonge ambavyo mtu akishameza lazima ale. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, mama amemeza dawa na chai kavu, anasubiri kula Morogoro, njiani kuna ajali mmefungiwa saa mbili. Dalili ni hizi: jasho jembamba wakati hakuna joto, mikono inatetemeka, anakuwa mkali bila sababu au anaongea maneno hayaeleweki. Mpeni nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subirini robo saa, asipopata nafuu rudieni, akishatulia ale chakula. Kama amelegea hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Kwa hiyo gari ambalo halitakiwi kuwa na soda linatakiwa kuwa na soda moja, na watoto waambiwe hiyo ni ya bibi, ni dawa.

Dawa zote kwenye pochi ya mkeo, miguuni, pamoja na cheti cha kliniki. Si kwenye buti chini ya mabegi na si kwenye dashibodi, gari likisimama juani mle ndani kunachemka.

Miguu yake ikaguliwe usiku mtakapolala, katikati ya vidole na kwenye kisigino. Viatu viwe vya wazi lakini vyenye mkanda wa nyuma, si kandambili. Mwenye sukari akijikwaa sheli hahisi, kidonda anakiona siku ya tatu.

Watoto wakitapika: wale kidogo kidogo, waangalie nje mbele, simu waweke chini. Vidonge vya kuzuia kutapika vingi vinaleta usingizi, wewe unayeendesha usivionje. Na Kanda ya Ziwa malaria ipo zaidi ya Dar, bebeni vyandarua vyenu, msitegemee vya kwa wakwe.

Mwana Kibaigwa

Nimeona jina la kwetu limetajwa pamoja na tochi. Hatuna ugomvi, shusheni mwendo hadi 50 kijijini na hamtakuwa na habari.

Kaka, kuna kitu mnasahau wote. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme Dar mpaka Dodoma. Mama mpandishe treni na mkeo, au na yule mjukuu wa miaka 9 kama mama bado ana nguvu. Ndani kuna choo, anaweza kuinuka akatembea kwenye korido, na wewe unatangulia alfajiri na mizigo unawakuta Dodoma. Safari ni kama saa nne hivi kutegemea treni. Umempunguzia kilomita 450 za kukaa bila kunyoosha mguu. Ila Desemba tiketi zinaisha mapema, usisubiri wiki ya sikukuu.

Chakula upande wetu: msile kwenye kila sinia linalofuata dirisha la gari. Kwa njia ya Dodoma nashauri mayai ya kuchemsha (yana ganda lake, hakuna aliyeyashika), ndizi mbivu, karanga za kukaanga zisizo na chumvi nyingi, mahindi ya kuchoma mkiona yanatoka jikoni. Kachumbari ya barabarani mimi siigusi, maji yaliyooshea nyanya huyajui. Ubuyu wa unga nunueni Dodoma, mkoroge kwenye maji ya chupa bila sukari, watoto wanaupenda na unaondoa hamu ya soda. Zabibu zikiwepo msile palepale dirishani, zioshwe kwanza kwa maji yenu.

Na mlale Dodoma. Hospitali kubwa ziko hapa, mama akizidiwa usiku hamtahangaika.

Tela Mbili

Nimerudi.

Mwana Kibaigwa, la treni nakubali, sikuwa nimelifikiria, sisi wa malori treni tunaiona kama mshindani. La kulala Dodoma nakataa kwa huyu mwenye familia. Akilala Dodoma amemaliza kilomita 450, zinabaki kama 700 za siku ya pili, na siku ya pili ndiyo mwili umechoka. Siku ya pili watu huwa wanaendesha kwa hasira wanataka kufika. Bora siku ya kwanza iwe ndefu na ya pili iwe fupi. Ondoka Dar saa kumi na moja alfajiri, saa saba au nane mko Dodoma mnakula na kupumzika kweli, kisha Singida, kama kilomita 240, mnafika jua linazama. Kesho yake mmebaki na 450 hivi, mnafika Mwanza mchana bila jua la jioni machoni.

Na Singida kuna kitu cha mwili wako. Ziwa Singidani liko palepale mjini. Asubuhi kabla hamjaondoka, wewe na mkeo nendeni mkatembee nusu saa pembeni ya maji, kuna upepo mzuri na mawe makubwa, ndege wapo. Hiyo ndiyo jogging yako ya safari. Shirika la Afya linataka dakika 150 kwa wiki, ukichukua nusu saa Singida na dakika kumi kumi za kila kituo hujapoteza kitu, wiki yako iko palepale.

Chakula. Mimi na tandiboi tunapika. Boksi la pembeni ya tela lina jiko la gesi, sufuria mbili, mchele, maharage yaliyochemshwa tayari, dagaa, vitunguu. Tunapika tulipoegesha mbali na sheli, tunakula mboga ya majani kila siku kwa sababu tukipita Dumila nyanya na mchicha tunanunua kwa bei ya shambani. Wewe huna boksi, una hotipoti, na mkeo ana haki. Hotipoti ya siku ya kwanza iwe na viazi vitamu vya kuchemsha au wali kidogo, kuku wa kuchemsha aliyekaushwa bila mchuzi, mboga uliyopika ikaiva. Chakula cha mchuzi kilichopikwa usiku kisivuke saa sita mchana, kwenye gari la joto kinachacha na hamtajua mpaka Manyoni. Chupa ya chai moja iwe ya uji usio na sukari, hapo mama amepata kifungua kinywa chake saa ile ile ya dawa, hamngojei Morogoro. Dada nesi kasema.

Mkifika Shinyanga nunueni michembe na matobolwa. Huyo mama atafurahi kuliko chochote mlichobeba Dar, ila ni viazi, sukari ipo, ale kiganja kimoja. Kuku wa Singida kuleni, kwa nini mteseke? Wa kuchoma, na ugali mdogo, mkimaliza msilale palepale, zungukeni.

Sasa dereva. Kinachoua familia barabarani ni usingizi wa saa nane mchana, kuku hana kesi. Umekula ugali Dodoma, umeingia barabara ya Manyoni, lami imenyooka, kichaka ni kile kile. Utaongeza muziki, utafungua kioo, utatafuna bigijii. Havisaidii. Dalili mimi ninayoiamini ni hii: ukijikuta hukumbuki kibao cha mwisho ulichopita kilisema nini, umeshalala macho wazi. Ingia kituoni, kunywa kahawa kikombe, lala dakika ishirini kwenye kiti kilicholazwa, weka alamu. Kahawa inaanza kufanya kazi wakati unaamka. Usilale saa nzima, utaamka mzito kuliko ulivyolala. Na mkeo kama ana leseni mpe kile kipande cha Singida kwenda Igunga asubuhi, akiwa makini pale Sekenke kwenye mteremko, aweke gia ndogo asikalie breki.

Usiku usiendeshe. Mimi kazi inanilazimisha, wewe nani kakulazimisha?

Dada wa Zamu

Dereva umenikosha kwenye uji. Ila hata uji wa unga mtupu unapandisha sukari, uwe mzito wa ulezi wenye karanga za kusaga, na kikombe kimoja, si chupa nzima.

Kuhusu Dodoma au Singida siwezi kuwaamulia. Ninachosema, kama mama atapanda treni, siku ya kwanza yake ni nyepesi, mpaka Singida anaweza. Kama atatoka Dar kwa gari, baada ya saa nane za kukaa mimi ningemlaza Dodoma, na ya pili ningeikata Nzega. Siku tatu. Wakwe wapo tu.

Baba Nuru

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Nimemsomea mke wangu ile ya choo, akanyamaza kidogo, akasema mama alimwambia hivyo hivyo mwezi wa sita na akamkataza asinifikishie. Yaani watu wawili ndani ya nyumba yangu walikuwa wanajua.

Tumeamua: kliniki wiki hii. Mama na Nuru kwa treni, mke wangu naye anaenda nao, mimi na mdogo tunatangulia na mizigo. Tunalala Singida. Vituo mke wangu ameviandika kwenye karatasi, anampa mama asome mwenyewe, amevaa miwani anauliza "Dumila mbona hamjaiweka?" Nikamwambia Dumila utakuwa kwenye treni mama.

Maswali mawili nimebaki nayo. Dereva, mtoto wa miaka mitano peke yake na mimi kutoka Dar hadi Dodoma, nitamfanyaje, maana huyu akikaa nusu saa anaanza kupiga teke kiti? Na Mwana Kibaigwa, nikifika Dodoma kabla ya treni, nisubiri palepale stesheni?

Tela Mbili

Wa miaka mitano akae nyuma kwenye kiti chake cha mtoto, mkanda umefungwa, usimlete mbele hata akilia mpaka Gairo. Anapiga teke kwa sababu miguu yake inaning'inia, mwekee begi la nguo chini apate pa kukanyaga, utaona anatulia. Wewe naye badala ya kila saa mbili simama kila saa moja na robo. Akishuka mwambie akimbie mpaka kwenye ukuta na kurudi, na wewe unakimbia naye, mazoezi yako hayo bila kamba. Ila awe anakimbia ndani ya uzio, mkono wako usimwachie mpaka mmetoka eneo la pampu.

Mwana Kibaigwa

Ukifika mapema usikae ndani ya gari stesheni unachemka. Ingia mjini, ule, ulale zile dakika ishirini za dereva chini ya mti, uoshe mtoto uso. Nusu saa kabla ya treni ndiyo uende. Maegesho yapo, mama akitoka utamwona mlangoni. Mwambie mkeo watangulie chooni ndani ya stesheni kabla ya kutoka, ni visafi kuliko vya nje, na kutoka hapo hadi Manyoni si karibu.